Usiseme Muzuri

Orpa alifika kwa fundi simu pale Kakoba, Mbarara, asubuhi ya Jumatatu, siku ambayo mji mzima huamka na shida zake za wiki. Waendesha boda walipiga honi nyuma yake, na muuza mahindi alimpulizia moshi mpaka machozi yakamtoka. Alivaa kitenge cha kijani na sweta jeupe la kuazima. Simu yake aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga mgonjwa.

"Habari, dada?" fundi akauliza bila kuinua kichwa.

"Muzuri."

"Simu iko muzima?"

"Imekufa tangu juzi. Nikisema, batu habanisikie."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Sasa muzuri ni ya nini? Kama ingekuwa muzuri, haungekuya hapa."

Orpa akacheka, na kicheko kilikuwa kimemhama siku nyingi. Akamtazama kijana vizuri: mrefu, shati la bluu lililonyooshwa pasi, kofia kichwani hata akiwa kivulini. Aliitwa Patient. "Banasema maana yake ni muvumilivu," alisema, "lakini muniulize mimi mwenye jina." Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu, cha watu wa bondeni karibu na ziwa. Cha Orpa kilikuwa cha Kivu vilevile, ila cha wafugaji wa juu milimani. Wakongo wawili wakikutana ugenini husikia tofauti hiyo kabla ya jina, na kwa kuwa tofauti hiyo ilikuwa imeshamwaga damu nyumbani, wao waliamua kutoitaja.

Simu ilipopona, mazungumzo hayakuisha. Orpa alikuwa mkalimani wa mshauri wa zahanati pale Base Camp, katikati ya kambi ya Nakivale. Kazi yake ilikuwa kutafsiri huzuni za watu, na huzuni zenyewe hazikutaka kutoka.

"Mama amezika batoto batatu," alimwambia Patient. "Banamuuliza habari, anajibu muzuri. Na mimi naandika muzuri."

Patient alifikiri kidogo. Alikuwa akiingiza nyimbo kwenye kadi za simu, na kadi hizo zilisambaa kambini kuliko gazeti lolote. "Kuko kitu banaita podikasti," akasema. "Ni redio ya mufuko. Mutu anaisikiliza wakati anataka yeye. Tuseme tunaweka kipindi katikati ya nyimbo? Juu ya furaha, juu ya roho kupona."

"Nani atakubali kusema?"

"Tunaweka sheria moja. Ukiulizwa habari, usiseme muzuri. Ukisema, tunaanza upya."

Ndivyo kipindi kilivyopata jina lake, mwaka ule wa 2014. Mgeni wa kwanza alikuwa mzee Rwakabuba. Alisema muzuri mara nne, na mara nne Orpa akacheka na kuanza upya. Mara ya tano mzee akasema, "Nakumbuka ng'ombe wangu mumoja, Gaju. Nilimwacha amefungwa." Akalia kama mtoto. Wiki ile watu walipanga foleni penye kuchajisha simu wakiomba kadi ya Rwakabuba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Nakivale ilikuwa imeficha kwa miaka mingi.

Mapenzi nayo yalijipenyeza humo humo kazini, kwa simu za jioni, na Patient akaanza kumwita Orpa sheri, yaani mpenzi.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula muzuri."

"Umevunja sheria. Anza tena."

"Nimekula viazi bila chumvi, na nilikuwa nakuwaza wewe."

"Hiyo nayo tunaiweka kwa kipindi?"

"Weka uone, Patient."

Ikawa kila Jumamosi Patient anapanda gari hadi Nakivale. Alifika nyumbani kwa akina Orpa na shati lake la pasi, akasimama mlangoni, akavua kofia kwa adabu, akasema, "Mama, habari ya hapa?"

"Muzuri," Mukamazimpaka, mama yake Orpa, alijibu.

Akamwekea maziwa katika kikombe kizuri cha wageni, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka mgeni alipoondoka. Orpa alisema mama anaona haya. Mama huyo alikuwa halali vizuri tangu mumewe alipouawa kule Kongo. Kitanda chake alikiegemeza mlangoni. Orpa alikuwa na miaka sita wakati ule, amepelekwa kwa shangazi, na kuhusu kifo cha baba yake aliambiwa neno moja tu, vita.

Patient alipotaka kutuma wazee kuposa, Orpa alimuuliza mama yake anaonaje.

"Muzuri," mama akasema.

Kosa lilikuwa hapo. Mama na mwana walizungumza lugha yao ya milimani siku zote, na Kiswahili kilikuwa cha sokoni na cha foleni ya mahindi ya msaada. Mama alimjibu mwanawe kwa lugha ya kujibia wageni. Orpa, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza, aliruka kwa furaha akampigia Patient.

Siku chache kabla ya wazee kuja, mama akasema, "Nipe hiyo simu. Na mimi nitasema." Akamtoa Orpa nje, akafunga mlango. Alipomaliza alitoa kadi mwenyewe. "Mpe yule kijana. Wewe usisikilize." Orpa alimshukuru Mungu. Alijua mama yake anaanza kupona, na kweli, usiku ule mama alilala mpaka jua likachomoza.

Patient alipokea kadi Jumatano. Jumamosi hakuja. Wazee hawakuja. Simu yake iliita mpaka ikachoka, wiki mbili nzima. Orpa hakula, na alipotafsiri zahanati alikosea maneno. Alijiambia kwamba mwanaume amepata mwingine huko mjini. Mwisho akavaa kitenge kile cha kijani akaenda Kakoba.

Jirani wa kibanda, mama Mnyankole muuza vocha, alimwona kwanza. "Nyabo, dada yangu, fundi iko," akasema, "lakini kichwa yake hapana iko."

Patient alikuwa ameketi na shati lenye mikunjo.

"Juu ya nini haushike simu?" Orpa aliuliza. "Kama umepata mwingine, sema."

"Sina mwingine."

"Basi habari yako?"

Patient akatoa kadi mfukoni, akaiingiza kwenye simu. "Mama yako aliniomba nisikuambie," alisema. "Lakini ni sisi tuliweka sheria." Akampa vipokea sauti.

Sauti ya mama ilitoka taratibu, kwa Kiswahili chake cha foleni.

"Habari ya mama Orpa? Haiko muzuri. Patient, nakuambia wewe, si Orpa. Bale baliua bwana yangu balikuya muchana. Mumoja akasimama mulangoni, akatoa kofia, akasema, mama, habari ya hapa. Kwa sauti yenu, ya batu ba bondeni. Nikajibu muzuri, nikafungua. Bwana yangu alikufa nikiwa nimeshika kikombe ya maziwa, nilitaka kubapa bakunywe. Wewe hauna kosa, ulikuwa mutoto. Lakini ukisimama pale na kusema ile neno, ninabafungulia tena. Kila Jumamosi. Usimwambie mwanangu, anakupenda. Nimemaliza."

Orpa alivua vipokea sauti. Alilia waziwazi, na wateja wawili wakaondoka.

"Tutakaa huku Mbarara," alisema. "Hautafika tena mulangoni kwake."

"Nilijaribu, sheri. Nilijifunza salamu ya lugha yenu. Nilijirekodi mara makumi mbili." Akaonyesha simu. "Sauti ni ile ile."

"Basi usiseme kitu kwake. Unyamaze tu."

"Na batoto betu? Batasalimia bibi yao na sauti ya nani?"

Orpa alimpenda Patient kuliko alivyowahi kupenda mtu, na mama yake alikuwa amelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita. Patient alimshika mkono hadharani, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, wakakaa hivyo mpaka muuza mahindi akafunga virago vyake. Kisha Patient akamsindikiza kwenye gari la Nakivale. Ile kadi waliivunja.

Kipindi kiliendelea. Orpa alirekodi Nakivale, Patient alisafisha sauti Kakoba, na kadi zikaenda na kurudi kwa boda, bila barua ndani. Mama alitoa kitanda mlangoni. Alianza kuimba akifua, na kila wimbo ulimfurahisha Orpa na kumchoma papo hapo.

Mwaka 2015, siku ya mvua, Orpa alimpigia mara moja. Alisema ni kwa ajili ya kadi moja isiyosikika.

"Nitaitengeneza," Patient alisema. Hakukata.

"Patient, habari yako?"

Kakoba ilisikika nyuma yake, honi na mvua juu ya mabati.

"Muzuri," akasema.

Orpa alifumba macho. Mwaka mzima alikuwa hajaacha mtu amalizie hapo.

"Na wewe?" Patient akauliza.

Ndani mama yake alikuwa akiimba.

"Muzuri," Orpa akajibu.