Zebra Saba wa Mapera

Watoto, mpo? Haya, sogeeni karibu.

Katika kijiji cha Mapera kulikuwa na msichana wa miaka saba. Jina lake Sikujua.

Jina lilikuwa Sikujua, lakini alijua mengi. Alijua kusoma. Alijua kuruka kamba. Alijua kumchekesha mdogo wake, Shuku.

Ila kila asubuhi Shuku hakucheka hata kidogo. Alikuwa na sare mpya. Alikuwa na daftari jipya. Lakini shule hakwenda.

Kati ya nyumba yao na shule ilipita barabara kubwa ya lami.
Vuuu! Lori likapita. Vuuu! Basi likapita.
Vuuu! Vuuu! Hakuna anayesimama.

Wakubwa walivuka mbio, na Sikujua nao. Shuku alikuwa na miguu mifupi.
"Mwanangu, utakwenda shule ukirefuka," alisema Mama.
Shuku akasimama kwa vidole. "Mama, nimerefuka?"
"Bado."
Shuku akalia.

Sikujua akaumia moyoni. Shuleni akauliza, "Mwalimu, magari yatasimama lini?"
"Tukipata zebra," alisema Mwalimu Haule. "Wakiona zebra, madereva husimama."

Zebra! Sikujua alimjua zebra. Si yule pundamilia wa kwenye kitabu? Ana mistari mpaka masikioni!

Jioni kulikuwa na mkutano wa kijiji. Wakubwa walikaa kwenye viti. Watoto waliambiwa, "Nendeni mkacheze."

Sikujua hakwenda kucheza. Alinyoosha mkono. Aliunyoosha mpaka ukamuuma.
"Haya, wewe mtoto, sema," alisema Mwenyekiti, Mzee Ndimbo.

"Shikamoo, Mzee. Tunaomba zebra."
"Marahaba. Zebra tumeshaomba, tangu mwaka jana. Subirini. Subira huvuta heri."
"Mzee, mwaka jana Shuku alisubiri. Mwaka huu anasubiri. Hiyo heri inavutwa kwa kamba gani?"

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Lakini zebra hakuja.
Vuuu! Vuuu! Hakuna anayesimama.

Kesho yake Sikujua aliwaita rafiki zake watano. Akamwita na Shuku. Wakakaa nyuma ya jiko.
"Zebra hawaji," alisema. "Basi zebra tutakuwa sisi."

Wakachukua viroba vyeupe vya mchele. Wakatoboa pa kichwa. Wakatoboa pa mikono. Wakakwangua masizi ya sufuria.
Paka, paka, paka! Mstari, mstari, mstari!
Mashavu nayo yakapata mistari. Pua ya Shuku ikapata miwili.

Asubuhi zebra saba walisimama kando ya barabara, nje kabisa ya lami. Walishikana mikono.
"Sisi ni zebra! Simameni, tupite!"
Vuuu! Lori likapita.

"Sisi ni zebra! Simameni, tupite!"
Vuuu! Pikipiki ikapita.
Mistari ya Shuku ikaanza kulowa machozi.
"Tena," alisema Sikujua. "Kwa nguvu!"

"SISI NI ZEBRA! SIMAMENI, TUPITE!"
Kriiii!
Basi likasimama. Kriiii! Na lori la upande wa pili likasimama.

Dereva wa basi akatoa kichwa dirishani. "Jamani! Hawa zebra wa mbuga gani?"
"Wa Mapera!"
Dereva akashuka. Akainua mikono yote miwili. Akazuia magari.
"Piteni, zebra wangu."

Tapu, tapu, tapu. Sikujua akavuka. Tapu, tapu, tapu. Shuku akavuka!
Mama aliona yote kutoka mlangoni. Akapiga vigelegele. Basi zima likapiga makofi.

Kesho yake wakasimama tena. Keshokutwa, tena. Siku ya nne alikuja Mzee Ndimbo. Aliwatazama, akavua kofia.
"Mimi nawaambia msubiri," alisema, "kumbe ninyi mnafanya kazi yangu!"

Palepale akatoa simu. "Halo! Watu wa barabara? Leteni rangi leo. Zebra wangu wana masizi puani!"

Watu wa barabara wakaja na ndoo za rangi nyeupe.
Paka, paka, paka! Mstari, mstari, mstari! Kutoka upande huu wa lami hadi upande ule.
"Haya, zebra yenu hii hapa," alisema fundi.

Sikujua akaitazama. Haina masikio. Haina mkia.
"Kumbe zebra ni mistari ya barabarani? Sikujua!"
"Ndilo jina lako!" alisema Mzee Ndimbo.
Wakacheka wote. Sikujua alicheka kuliko wote.

Mkutano uliofuata, Mzee Ndimbo alitandika mkeka mbele ya viti vyote.
"Huu ni wa watoto," alisema. "Haya, zebra wangu, leo mna neno gani?"
Mikono saba ikanyooka juu.

Jioni ile Shuku alitundika sare yake msumarini, akajilaza kitandani.
"Dada, kesho watasimama?"
"Watasimama."
Vuuu... kriiii. Wote wanasimama.
Na Shuku akalala.