Nanga ya Gunia

Kamba ya nanga ndiyo iliyowaponza. Tangu Karema, Ponsian mwenye boti aliiacha ikiburuzika majini. Ikajisokota kwenye pangaboi, ikalivuta na jiwe la nanga kutoka botini, likazama. Alipoikata kwa panga alijikata na kiganja, na injini haikuwaka tena. Upepo wa kusi ukawa unawasukuma kuelekea Kongo.

Libérate, mkulima wa tumbaku kutoka Katumba, alimfunga kiganja kwa kipande cha kitenge, akachukua ndoo akaanza kuchota maji. Boti lilikuwa limeyapa mawimbi ubavu, na kila wimbi likiingia lilirudisha alichochota.

Asubuhi Ponsian alimtania kwamba nyie wa Katumba mmezoea kuvuka ziwa. Utani ule ulimchoma Libérate. Mwaka sabini na mbili bibi yake, Vestina, alilivuka ziwa hili akikimbia Burundi, mtoto mgongoni, akapokelewa Katumba kama mkimbizi. Siku alipopewa cheti cha uraia wa Tanzania, bibi alisema sasa ametia nanga. Na leo upepo uje uing'oe? Libérate alikasirika kuliko alivyoogopa.

Alikuwa anawapelekea ndugu zake wa Ikola furushi la magunia matupu na kamba za kufungia tumbaku. Alikumbuka mtoni kwao: gunia alilokuwa akiliosha lilijaa maji, mkondo ukaliburuza, yeye nalo, mpaka watu wawili walipomshika. Akatoa shazia, sindano yake ya magunia, akasema atashona nanga.

"Hapa kina hakina mwisho, mama," Ponsian alisema. "Hata nanga ya meli haifiki."

"Isifike. Ivute tu."

Aliunganisha magunia mawili yakawa moja, akaupanua mdomo kwa fito za boti, huku Ponsian akichota maji kwa mkono mmoja. Shazia ilimchoma mara tatu. Akafunga kamba mbele ya boti, akalitupa gunia.

Likazama kidogo, likajaa. Kamba ikakaza. Boti likageuka taratibu, pua ikaukabili upepo, na mawimbi yakaanza kupita pembeni. Bado walisogea, ila kwa kukokota miguu. Milima ya Tanzania ilibaki machoni.

"Sihami tena," Libérate aliuambia upepo. "Bibi alihama kwa ajili yangu. Basi."

Walichota maji kwa zamu mpaka jioni, kusi ilipochoka. Wavuvi wa dagaa wa Ikola waliokuwa wakienda kuvua ndio waliowaona, wakalifunga boti kamba ili walivute hadi Ikola. Mmoja wao aliwaambia walikate gunia, lina uzito. Libérate alikataa. Alilivuta mwenyewe, viganja vikivuja damu, akalikamua.

Ufukweni Ponsian alishindwa kumtazama usoni. Aliomba ashonewe nanga kama ile.

"Nitakushonea, kaka," Libérate alisema. "Na wakikuuliza nani kashona, sema Mtanzania wa Katumba."

Akajitwika furushi lake, akapanda kwenda kwa ndugu zake.