Wadudu wa Wifi

Msimu mmoja Mama Matango aliingia shambani kila asubuhi akiwa amenuna. Majani ya matango yake yalikuwa matundu matupu. Wadudu wekundu walikula kama wamealikwa. Hata mizizi ilitobolewa na funza weupe.

Hakuhitaji kuambiwa walikotoka. Ng'ambo ya uzio, kunde za wifi yake nazo zilikuwa na wadudu wekundu.

"Dada yako ananionea gere," alimwambia mumewe. "Amewafuga, akawaachia huku. Jumapili ukoo ukikutana, nitasema mbele ya wote."

"Ukisema hilo, dada hatakanyaga tena hapa."

"Asikanyage!"

Mume aliona maji yamezidi unga. Akaenda kituo cha utafiti wa kilimo, akarudi na mtaalamu wa wadudu, binti mmoja mwenye chupa ndogo ndogo.

Binti aliokota wadudu na funza wa matango. Akavuka kwa wifi, akaokota wengine. Mwisho akafukua funza chini ya matango mwitu yaliyotambaa uzioni.

Mama Matango alimkazia macho. "Dawa hupulizi, wadudu unabeba. Unakwenda kuwazalisha utuuzie dawa?"

Binti akacheka. "Nakwenda kuwauliza mama zao ni nani."

"Usinitanie, mwanangu."

"Sikutanii, mama. Mwili wako, na wa mdudu pia, umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli mna mitokondria. Hizo hutengeneza nguvu, na zina urithi wake. Mdudu huupata kwa mama yake. Tukiusoma urithi huo, tunajua nani ndugu wa karibu na nani wa mbali, hata wakifanana rangi. Funza hafanani na mkubwa wake, lakini naye tunamjua ni wa nani."

Mama Matango aliguna tu.

Jumamosi binti alirudi na majibu. "Wadudu wa kunde ni aina nyingine. Ni ndugu wa mbali wa hawa wako, walitengana zamani mno. Wale hula kunde na maharage. Hawa wako hupenda matango na maboga."

"Sasa wangu wametoka wapi?"

"Hapo uzioni. Funza wa matango mwitu na funza wako ni aina moja. Walizaana pale, wakahamia kwako. Nani aliyaacha yale matango mwitu?"

Mume akatazama pembeni. Ni Mama Matango aliyeyaacha, tena akayamwagilia, ili wifi asichungulie shamba lake. Aibu ikamjaa.

Jioni alikwenda kwa wifi. "Nisamehe, wifi. Nilidhani wadudu wangu ni wako."

Wifi akaangua kicheko. "Nisamehe na mimi. Nilidhani wangu ni wako!"

Waling'oa matango mwitu pamoja. Kila alfajiri waliokota wadudu, wakawatosa kwenye maji ya sabuni. Walipindua udongo, kuku wakala funza. Msimu uliofuata Mama Matango alipanda sehemu nyingine ya shamba, na majani yakatoka mazima.

Uzio sasa ulikuwa wazi, na wifi aliona kila kitu.

"Wifi! Lile la pembeni limekomaa!"

Mama Matango alilichuma, akampelekea.