Kadi Isiyofutika

Kadi ya kumbukumbu ya kamera ilikuwa na joto kabla fundi hajaichomeka popote.

Aliipuuza, alikuwa na haraka ya kurudi kwa binti yake. Mteja, dada mmoja mpiga picha za harusi, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: ifutwe yote, kama kila wiki, maana mganga alimwonya kwamba jini lililomo lisipewe nafasi ya kukaa.

"Jini gani hilo, dada yangu, linaloenea kwenye kitu kidogo kuliko ukucha?"

Dada hakucheka. Alipoondoka, fundi, kwa maringo ya ufundi wake, badala ya kuifuta akaiwekea kadi mfumo mpya wa kuhifadhi mafaili. Mfumo huo haufuti kitu, mpaka mtu azifute nakala zenyewe kwa mkono. Kila saa hutunza nakala ya hali ya kadi ilivyo. Kipya huandikwa pembeni, cha zamani hubaki palepale, kimefungwa.

Saa sita mchana duka likaanza kunuka marashi na waya ulioungua.

Akafungua nakala. Ya saa nne: picha ya duka tupu. Ya saa tano: yeye mwenyewe mezani, amepigwa picha kwa nyuma, ilhali nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Ya saa sita: yeye tena, anatoka mlangoni, anageuka, anatabasamu.

Lakini yeye alikuwa bado amekaa.

Akaurukia mlango, na kitasa kikawa bapa chini ya kiganja kama kimechorwa, na nje ya kioo mwendesha baiskeli alikuwa amesimama katikati ya mwendo, mguu juu, vumbi la gurudumu limeganda hewani, wala barabara nzima haikuwa na sauti, ila pumzi moja ndefu, isiyo yake, iliyokuwa ikitoka na kuingia taratibu ndani ya kuta zote nne.

Simu ilimtii. Mkewe akapokea.

"Mke wangu," alinong'ona, "njoo na funguo. Nimefungiwa dukani."

Mkewe akashusha sauti: "Wewe nani? Mume wangu yuko hapa. Anamsuka mtoto."

Akamsikia binti yake akicheka. Halafu akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, ikisogea karibu na simu.

"Usiogope, mama watoto. Ni kadi ya mteja, imejaa. Ngoja nifute nakala za zamani."

Nje, mwendesha baiskeli ndiye aliyetoweka kwanza.