Kelele katika Redio ya Seline

Maiti ya Opiyo ilikutwa Jumanne asubuhi, nyuma ya mlango wa chumba cha kugandishia samaki, magoti yamekunjwa hadi kifuani, redio ya mkononi imegandamana na kiganja.

Inspekta Nabututu alichuchumaa kando yake. Upande wa ndani wa mlango, barafu ilikuwa imekwaruzwa kwa kucha. Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika tangu Krismasi ya 1998. Kiwanda kizima kilijua, na hakuna aliyekitengeneza.

"Na komeo la nje?"

"Mpakiaji aliyemkuta anaapa lilikuwa limefungwa, Afande," Konstebo Tom alijibu. "Alama za vidole ziko nyingi mno. Watu ishirini hulishika kwa siku."

Kiwanda kilikuwa ufukweni Kisumu, kikitayarisha minofu ya samaki aina ya mbuta ya kupeleka ng'ambo. Opiyo alisimamia vyumba vya baridi, na zamu yake iliisha saa tisa alasiri. Jumatatu hiyo hakuna aliyemwona akitoka. Wenzake walidhani amekwenda nyumbani. Awuor, mkewe, alidhani amebakizwa kazini.

Kilichomkera Nabututu ni ile redio. Mtu mwenye redio mkononi anakufaje bila kusikika?

Alimwendea Seline, karani wa mapokezi, ambaye redio kuu ya kiwanda ilikaa mezani pake. Macho ya Seline yalikuwa yamevimba.

"Jana Opiyo alikuita?"

"Hapana, Afande. Labda aliita, sijui. Redio ilikuwa inanguruma tu. Nikapunguza sauti."

"Kuanzia saa ngapi?"

Seline alifungua daftari lake. Kelele ilianza saa nane na dakika tano, ikakoma saa tisa na nusu.

"Imewahi kutokea?"

"Mwezi jana. Fundi alikuja akatafuta, akasema kuna kitu cha umeme hapa ndani kinachovuruga mawimbi. Hakukipata. Kesho yake ikaisha yenyewe."

Nabututu alichukua redio nyingine, akarudi kwenye chumba cha baridi. Maiti ilikuwa imeshaondolewa.

"Nifungie," alimwambia Tom. "Weka komeo."

"Afande?"

"Dakika tano."

Mlango ulijifunga kwa mshindo mzito, ukameza sauti zote za kiwanda. Feni zilivuma juu yake. Pumzi ya kwanza ilimchoma puani. Ya tatu ikamkaza kifua. Alijua Tom yuko nje, alijua saa inakwenda, na bado mkono wake ulijikuta ukisukuma mlango. Haukutikisika hata kidogo. Aliwaza juu ya Opiyo, ambaye nje hakuwa na Tom.

"Seline, unanisikia?"

"Nakusikia, Afande. Uko mbali, lakini nakusikia."

Alipotolewa, meno yakigongana, alikuwa amepata anachokitaka. Sauti kutoka mle ndani ilikuwa dhaifu, ila ilifika. Kilichomnyamazisha Opiyo ni ile kelele.

Wakaanza kuwasha kimoja baada ya kingine: mashine ya kutoa nakala, feni, pampu ya maji, taa za koridoni. Tom alibaki chumba cha baridi akihesabu kwa sauti redioni, na Seline akimsikia kila mara. Ikabaki ofisi moja iliyofungwa, ya Gordon Simiyu, mkaguzi wa ubora. Aliitwa, akaja taratibu, akafungua.

"Ufunguo ni mmoja?"

"Ni mmoja, Madam. Ninao mimi."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nilifunga hapa saa saba. Nikaenda Muhoroni kumwona mama yangu. Nilirudi mjini jioni."

Mezani palikuwa na kompyuta ndogo ya kubeba, ya pekee kiwandani. Nabututu aliiwasha. Ilifanya kazi kwa betri yake, na redio haikunguruma.

"Chaja yake iko wapi?"

"Ni mbovu."

"Niione."

Gordon hakusogea. Nabututu alivuta droo, akaitoa: chaja nyeusi ya bei rahisi, isiyo na jina la mtengenezaji. Akaichomeka ukutani, kisha kwenye kompyuta.

Kutoka mapokezi, Seline alipiga yowe. Redio ilikuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga, na hesabu ya Tom ilikuwa imezama humo.

Nabututu aliichomoa chaja. "Arobaini na saba," sauti ya Tom ilirudi. "Arobaini na nane."

"Ulikuwa Muhoroni," alisema Nabututu. "Na mwezi jana fundi alipoitafuta kelele, wewe ulijua ni chaja yako. Nani basi aliichomeka saa nane?"

Gordon alitazama mlango. Nabututu alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama dirisha, lenye nondo. Akaketi.

"Wakaguzi wa afya wanakuja kesho," alisema hatimaye. "Opiyo aligundua samaki wa Jumamosi wameuawa kwa dawa ya wadudu ya mashambani. Aliweka wawili kando awaonyeshe. Mimi nilikuwa nimetia sahihi kwamba ni safi. Nilitia hata bila kuwapima."

"Kwa hiyo ukamuua."

"Nilitaka samaki waondoke tu! Lori lilikuwa linapakiwa. Likishaondoka, ningemfungulia."

"Lori liliondoka saa tisa na nusu."

"Nilichomoa chaja, nikashuka. Wapakiaji walikuwa wamekaa mbele ya mlango ule wakila mandazi. Wangeniuliza ni nani aliyemfungia." Alifuta uso. "Nikasema, sasa redio iko sawa, ataita mwenyewe. Nikaenda nyumbani."

"Baridi ilikuwa imeshaua betri yake."

Gordon aliinamisha kichwa. Koridoni, Seline alikuwa akilia. "Nilipunguza sauti, jamani," alikuwa akirudia. "Mimi mwenyewe nilipunguza."

Nabututu alifungua daftari lake.

"Swali moja, Gordon. Ulianza na kipi? Komeo au chaja?"

Gordon aliitazama chaja. Alielewa anaulizwa nini. Anayefunga komeo kwa hasira anaweza kujutia. Anayehakikisha kwanza kwamba kilio hakitasikika, huyo amekwisha kuamua.

"Chaja," alisema.

Nabututu aliliandika neno hilo, akamgeuzia daftari, akampa kalamu atie sahihi.