Tano kwa Tano

Siku hiyo simu ya upepo ilisikika vizuri mno, na hilo ndilo lililomtia Esha wasiwasi.

Ofisini kwa Mzee Halfan, msafirishaji wa mbao pale Makambako, ambako Esha alikuwa mpokea simu, hakuna aliyezoea kusikia vizuri. Tangu serikali iliporuhusu biashara binafsi, mzee alikuwa amenunua malori mawili na redio za simu ya upepo za kuunganisha kwenye betri ya gari, zenye nguvu ndogo. Dereva akiwa upande wa Ikonda, milima katikati, maneno yalifika vipandevipande. Ndiyo maana kila mazungumzo yalianza kwa kupeana alama: tano ni safi, moja ni kubahatisha. Mzee aliwafundisha madereva wake wafuate sauti yenye alama kubwa.

Adhuhuri, ukungu umekaa mpaka kwenye reli, zikaja habari kwamba mafuriko yamekata daraja. Kheri, mume wa Esha, alikuwa njiani kulielekea na shehena ya mbao.

"Baba Rehana, unanisikiaje?" Esha aliita.

"Tano kwa tano, mama Rehana. Nimeshavuka. Zima redio."

Hapakuwa na mkwaruzo wala mngurumo wa injini. Ilisikika pumzi tu, karibu sana, na kwenye matundu ya spika ikatoka harufu ya nywele zilizoungua.

"Alhamdulillahi," Mzee Halfan alisema. "Zima, mwanangu, betri isituishie."

Esha alinyoosha mkono kuzima, na chini kabisa ya ukimya ule akasikia sauti ikikwaruza: "...Rehana... mbili kwa tano... daraja... nipite?"

Akajibiwa. Sauti ya mwanamke, tulivu, ikasema, "Pita, mume wangu. Daraja ni zima."

Ilikuwa sauti ya Esha, na Esha alikuwa amefumba mdomo.

Mzee akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona, akapotea katikati, akaanza upya, huku Esha amekamata kipaza sauti kwa mikono miwili akimwita mumewe asimame, na kila alilosema yule wa pili akasema kinyume chake, taratibu, bila mkwaruzo hata mmoja, na harufu ikazidi mpaka macho yakawachonyota, na Esha akaelewa kwamba kule kwenye lori yeye anasikika vibaya na yule anasikika vizuri, na Kheri ni mtu wa kufuata alivyofundishwa.

"Mimi ndiye ninayesikika vibaya," alisema huku analia. "Mfuate anayekwaruza, baba Rehana. Nakuomba."

Kisha, kwa mbali: "...moja... nimesimama... nimezima gari." Betri ikafa papo hapo.

Esha alicheka na kulia kwa pamoja. Mzee alikaa sakafuni, kofia mkononi, wala hakuona aibu.

Kheri alifika na lori kesho yake jioni kwa njia ya kuzunguka, matope mpaka magotini. Esha alimshika mkono hapo hapo barabarani na hakutaka kuuachia.

"Mbona hukuniambia yule mama ni ndugu yenu?" Kheri aliuliza.

"Mama gani?"

"Si yule ambaye baadaye ulinisihi nimpakie pale mtoni, amekwama mvuani? Mara hiyo nilikupata tano kwa tano, nikajua ukungu umeondoka."

"Redio yetu ilikuwa imeshazimika," Esha alisema polepole.

Mlango wa lori ukafunguka upande wa abiria.

"Hodi, jamani," ikasema sauti ya Esha.