Sauti ya Babu Kooni mwa Jovita

Jioni ile mimi na dada Jovita tulikaa uani kwetu Kishanda tukinyonyoa senene, wale panzi wa msimu. Tulikuwa tumetoka kupalilia shamba la ujamaa. Kwetu mwanamke huwanyonyoa senene, hawali. Ni chakula cha wanaume. Jovita akatia konzi moja mdomoni. Bibi Alistidia haoni, lakini alisikia akitafuna.

"Hao ni wa babu yako," alisema. "Atakuja kuwadai."

"Marehemu ana meno, bibi?" Jovita akacheka.

Babu Rutashobya tulimzika hapo hapo kibanjani, kati ya migomba.

Mwaka haukuisha, hedhi ya Jovita ikakoma. Kifua kikasinyaa. Ndevu zikamwota. Kisha sauti ikashuka, nzito, yenye kukwaruza. Siku moja alimsalimu bibi, na bibi akasogea mkekani kumpisha mumewe.

Niliachishwa shule ili nimchunge. Nilimsihi baba mdogo Datius tumpeleke hospitali.

"Hospitali wanatoa mzimu kwa sindano?" aliniuliza.

Kila jioni alimpeleka kaburini na kisonzo, kikapu kidogo, cha senene wakavu. Jovita alipiga magoti. Akamwomba babu msamaha kwa sauti ya babu mwenyewe.

Tukirudi alininong'oneza, "Mdogo wangu, bado nimo humu. Usiwaache wanizoee hivi."



Kisha tumbo likamkamata. Akajikunja. Hakusimama tena. Ndipo baba mdogo alipokubali, tukampandisha lori la ushirika, juu ya magunia ya kahawa, hadi hospitali ya misheni.

Daktari alimpapasa tumbo kwa muda mrefu. Alisema kuna uvimbe kwenye ovari moja, wa aina adimu, unaotengeneza homoni za kiume. Haukuwa mzimu. Wakampasua, wakautoa.

"Hedhi itarudi," aliniambia. "Ndevu zitapungua."

"Na sauti?"

Akatazama chini. "Sauti haitarudi. Mngemleta mapema."

Hedhi ilirudi kweli. Nikamshukuru Mungu.

Lakini bibi humwekea babu kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, kando ya mkeka kila jioni. Tangu babu afe, hakuna aliyekigusa. Hata Jovita alipokuwa hospitali, kilikutwa kimejaa.

Sasa Jovita yupo nyumbani. Hulala ubavuni kwangu, pindo la kanga yake nimelifunga mkononi mwangu. Leo asubuhi fundo lilikuwa vilevile.

Kibuyu kilikuwa kitupu. Mdomoni mwa Jovita mlinata bawa la senene, bichi.

Msimu wa senene bado haujafika.